Pasaka ya Kiyahudi na mila zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu watu wajue kwamba kila mwaka naalikwa Pasaka kwa familia ya Kiyahudi hapa Nairobi, maswali hayaishi: kazini, kwenye matatu, hata msibani. Nimekusanya hapa yale yanayorudi zaidi. Nimekaa sana kwenye Pasaka kwa sababu ndiyo sikukuu iliyopangwa makusudi ili mzazi amrithishe mtoto. Zile nyingine nimezipitia haraka. Mwenyeji wangu ni mama mtu mzima, mjane, nami humwita Bibi kama wanavyomwita wajukuu wake. Baba yake alikuja Kenya kutoka Lithuania.

Je, ni Pasaka hii hii ya Wakristo?

Jina ni moja na mzizi ni mmoja, lakini kinachokumbukwa ni tofauti. Wakristo wanaadhimisha kufufuka kwa Yesu. Wayahudi wanaadhimisha usiku ambao babu zao walitoka utumwani Misri, kama inavyosimuliwa katika Kutoka sura ya 12. Injili zenyewe zinaiweka karamu ya mwisho ya Yesu katika majira ya sikukuu hiyo, ndiyo maana mara nyingi Pasaka hizi mbili hukaribiana kwenye kalenda.

Mbona tarehe yake inahama, lakini haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani?

Miezi ya Kiyahudi inafuata mwezi wa angani, sawa na ya Kiislamu. Miezi 12 ya namna hiyo ni siku kama 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Waislamu wanauacha upungufu huo, na hivyo Ramadhani hupita kiangazi na masika. Torati, kwa upande wake, inataka Pasaka iwe mwezi wa Abibu, mwezi wa masuke mabichi, yaani majira ya kuchipua huko Israeli. Kwa hiyo katika kila miaka 19, miaka 7 huongezewa mwezi wa 13. Mwanzo wa Pasaka hautoki nje ya Machi na Aprili: ni usiku wa kuamkia tarehe 15 ya Nisani, jina la sasa la mwezi huo wa Abibu, mwezi wa angani ukiwa mpevu.

Nimesema usiku wa kuamkia kwa sababu siku yao huanza jua linapozama. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa hili: usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa.

Kuna jambo linalonigusa kila mwaka. Siku ya kwanza ya Pasaka, masinagogi huacha kuomba mvua na kuomba umande, kwa kuwa Israeli kiangazi kinakaribia. Nairobi wakati huo masika ndiyo kwanza yanaanza. Nje maji yanatiririka barabarani, ndani watu wanaomba umande wa nchi iliyo mbali.

Kwa nini Israeli wanakula karamu ya Pasaka usiku mmoja, na kwingine usiku mbili?

Hapa wasomaji wa Zanzibar na Lamu watatabasamu. Zamani mwezi mpya ulitangazwa Yerusalemu baada ya mashahidi kuuona. Habari ilipelekwa kwa mioto iliyowashwa vilimani. Mapokeo yanasema wapinzani walipoanza kuwasha mioto ya uongo, wakatumwa wajumbe badala yake. Jumuiya zilizokuwa mbali, ambazo mjumbe asingezifikia kwa wakati, zilishika siku mbili kuondoa shaka. Kwa mapokeo, kalenda ya hesabu iliwekwa karne ya 4 na Hilleli wa Pili. Shaka ikaisha, siku ya pili ikabaki. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya wahenga wao, inaeleza sababu: waliokaa mbali waliambiwa waangalie sana desturi ya baba zao. Baadhi ya madhehebu ya kisasa yamerudi kwenye siku moja. Bibi anashika mbili.

Chachu ina ubaya gani hadi nyumba nzima igeuzwe?

Haina ubaya wowote siku nyingine. Katika juma la Pasaka, ambalo ni siku 7 Israeli na 8 kwingine, hawali wala hawaweki nyumbani kitu cha ngano, shayiri na nafaka ndugu zake, aina 5 kwa jumla, kilichopata nafasi ya kuumuka. Babu zao walitoka Misri kwa haraka, unga haukungoja. Kwa hiyo mkate wa sikukuu, matsa, ni unga na maji tu, na tangu maji yaguse unga hadi mkate utoke tanuri isizidi dakika 18. Mandazi, biskuti, tambi na bia ya shayiri vyote vinaondoka. Kisichoweza kutupwa huuzwa kwa mtu asiye Myahudi kwa mkataba wa kweli. Hata serikali ya Israeli huuza hivyo chachu iliyo kwenye maghala yake.

Usafi huanza majuma mapema, na usiku wa kuamkia mkesha hufanyika msako. Taa zinazimwa. Anayesaka anashika mshumaa, unyoya na kijiko cha mti. Ili msako usiwe bure, kwa desturi ya wengi vipande 10 vya mkate huwa vimefichwa kabla, vimefungwa vizuri visimwage makombo. Mwaka wa kwanza nilipokaribishwa msako huo, mjukuu wa Bibi, mtoto wa miaka 7, ndiye aliyeshika mshumaa. Alikwenda polepole, mkono mmoja ukiukinga moto, akachungulia nyuma ya redio, chini ya kochi, kwenye dirisha la jikoni. Kila alipopata kipande alikisukuma kwa unyoya kikaingia kwenye kijiko. Alipata 9. Cha 10 hakikuonekana, na nyumba nzima ikasimama. Bibi hakumsaidia. Alimwambia tu arudi alikoanzia, na kweli kilikuwa juu ya fremu ya mlango waliokuwa wameingilia.

Asubuhi vipande huchomwa. Husomwa tamko kwa Kiaramu kwamba chachu yoyote iliyobaki bila kuonekana ihesabiwe kuwa si kitu, kama mavumbi ya ardhi.

Ugali je? Na wali?

Inategemea babu zako walikaa wapi. Wayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki, Waashkenazi, waliongeza katazo juu ya katazo: hawali mchele, mahindi, maharage wala kunde katika juma hilo, kwa kuhofia kuchanganyika na nafaka zile 5. Wayahudi wengi wa asili ya Hispania na nchi za Kiarabu, Wasefaradi, hula wali bila wasiwasi, na wako wanaouchambua mara 3 punje kwa punje. Mwaka 2015 kamati ya sheria ya madhehebu ya Conservative ya Marekani iliwaruhusu watu wake kula vitu hivyo, lakini wengi hawakubadili. Ndizi, viazi na muhogo havimo katika katazo.

Usiku wenyewe kunafanyika nini?

Karamu hiyo inaitwa seda, maana yake utaratibu, nayo ina hatua 15 zinazofuatwa kutoka kitabu kiitwacho Hagada, yaani masimulizi. Watu hunywa vikombe 4 vya divai au juisi ya zabibu. Wanaegemea upande wa kushoto wanapokunywa, kwa sababu zamani mtu huru alikula ameegemea na mtumwa alikula amesimama.

Katikati ya meza kuna sahani yenye vitu vya kuonja na kuelezwa. Mfupa wa kondoo uliochomwa ni ukumbusho wa dhabihu. Mboga chungu ni uchungu wa utumwa. Wengine hula majani ya saladi, wengine mzizi mkali unaotoa machozi. Rojo la haroseti ni udongo wa matofali waliyofyatua Misri: Ulaya hutengenezwa kwa tufaha, lozi au karanga nyingine za miti, mdalasini na divai, na Iraki kwa asali ya tende. Kuna yai, na kuna mboga ya kuchovya kwenye maji ya chumvi, ambayo ni machozi.

Kwenye mboga hiyo niruhusiwe kusimama kidogo. Kawaida ni kotimiri au jani jingine la kijani. Bibi huchovya kiazi kilichochemshwa. Nilimuuliza sababu, maana dania sokoni kwetu haikosekani mwaka mzima. Akasema kwao Lithuania mwezi wa Aprili ardhi ilikuwa bado baridi, jani bichi halipatikani, kilichokuwepo ghalani ni viazi. Baba yake alichovya kiazi Lithuania kwa kukosa, akachovya kiazi Nairobi kwa kukumbuka. Sasa wajukuu waliozaliwa hapa, ambao hawajawahi kuona theluji, wanadai kiazi na hawataki dania.

Wanapotaja mapigo 10 ya Misri, kila mmoja humwaga tone la divai kwa kila pigo. Maelezo yaliyoenea ni kwamba kikombe cha furaha hakiwezi kujaa wakati watu wengine, hata kama walikuwa maadui, walikufa. Baada ya chakula mlango hufunguliwa kwa ajili ya nabii Eliya, aliyewekewa kikombe chake. Usiku huishia kwa maneno "Mwakani Yerusalemu" na nyimbo ndefu. Mimi nimewahi kutoka saa saba.

Kwa nini mtoto mdogo ndiye anayeuliza maswali?

Kwa sababu Torati imelitarajia swali lake. Kutoka 12 inasema watoto watauliza maana ya ibada hii, na sura ya 13 inamwamuru mzazi amweleze mwanawe siku hiyo. Wahenga wa Kiyahudi wakaipanga karamu nzima ili mtoto ashangae: kuegemea kwa ajabu, kuchovya kabla ya chakula, mkate usio wa kawaida. Ndipo mdogo wa mezani huimba: Kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wote? Usiku mwingine tunakula mkate wowote, leo matsa tu. Usiku mwingine mboga yoyote, leo chungu. Usiku mwingine hatuchovyi hata mara moja, leo mara mbili. Usiku mwingine tunakaa vyovyote, leo tunaegemea.

Hagada inataja pia watoto wa aina 4: mwenye hekima, mkaidi, mnyofu, na yule asiyejua hata kuuliza. Huyo wa mwisho ndiye ninayempenda. Hagada haimruki. Inamwambia mzazi: wewe mfungulie mazungumzo.

Na ili watoto wasisinzie, mwenye nyumba huvunja matsa ya katikati kati ya tatu na kukificha kipande kikubwa. Karamu haiwezi kufungwa bila kipande hicho, kwa hiyo mtoto anayekipata ana haki ya kudai zawadi, na hudai kwelikweli.

Mbona Wayahudi wa nchi mbalimbali wana mila zinazotofautiana sana?

Hagada ni karibu moja, lakini nyumba zilitawanyika kwa karne nyingi, na kila mahali paliongeza chake. Wayahudi wa Uajemi hupigana kwa vitunguu vya majani wakati wa wimbo wa Dayenu, watu wazima kwa watoto, kukumbuka mijeledi ya Misri. Wa Moroko huzungusha sahani ya seda juu ya kichwa cha kila aliyeketi. Wa Yemeni hula matsa laini, ya kukunjika kama chapati, si ile kavu ya dukani.

Iraki na Kurdistani, mtoto hufungiwa matsa kwenye kitambaa akaibeba begani. Anaulizwa: "Umetoka wapi?" "Misri." "Unakwenda wapi?" "Yerusalemu." Hiyo ndiyo historia yote, kwa maneno ambayo hata mtoto wa miaka 4 ameshayaweza.

Moroko pia wana Mimuna, usiku Pasaka inapokwisha. Milango huachwa wazi, meza hujaa vitu vitamu, na hupikwa mufleta, mkate mwembamba wa kikaangoni unaoliwa na siagi na asali. Unga wa kuanzia ulitoka wapi, ikiwa nyumba haikuwa na hata chembe? Majirani Waislamu waliuleta, pamoja na maziwa na asali.

Je, bado wanachinja kondoo?

Hapana. Dhabihu ilikuwa ya Hekalu la Yerusalemu, na Warumi walilibomoa mwaka 70. Seda ya mezani ilichukua nafasi yake, ndiyo maana umebaki mfupa tu. Wasamaria, jamii ndogo yenye Torati yake, wao bado huchinja kondoo kila mwaka kwenye Mlima Gerizimu karibu na Nablus.

Mila hizi zilinusurikaje kwenye mateso?

Mara nyingi kwa siri, na mara nyingi kwa mikono ya wanawake. Ureno iliwalazimisha Wayahudi kubatizwa mwaka 1497. Katika mji mdogo wa Belmonte, familia zilienda kanisani mchana na nyumbani zikaoka mkate usio na chachu kwa kificho. Vitabu vilikuwa hatari, kwa hiyo akina mama walizishika sala kichwani na kuwafundisha binti zao. Karibu miaka 500 baadaye bado walikuwepo, na mwaka 1996 mji huo ulifungua sinagogi.

Kuna Hagada iliyochorwa kwa dhahabu na rangi huko Barcelona au jirani yake, karibu mwaka 1350. Ilitoka Hispania baada ya Wayahudi kufukuzwa mwaka 1492, na mwaka 1894 ikanunuliwa na makumbusho ya Sarajevo, Bosnia. Wanazi walipoingia mji huo, mtunza maktaba Mwislamu, Derviš Korkut, aliitorosha na kuificha. Vita vya miaka ya 1990 pia iliviponea, katika hifadhi ya benki. Kurasa zake zina madoa ya divai. Hagada ya Bibi si ya dhahabu, ni ya karatasi inayokatika, lakini ukurasa wa mapigo 10 una madoa yale yale, na mengine ni ya baba yake.

Mwaka 1944, katika kambi ya Wanazi ya Bergen-Belsen, hapakuwa na matsa. Marabi waliokuwa wafungwa walitunga dua ya kusomwa kabla ya kula mkate wenye chachu: wakimwambia Mungu kwamba hamu yao ni kuishika sikukuu, bali utumwa umewazuia, na amri ya kuishi pia ni amri yake. Wakala.

Afrika Mashariki wapo Wayahudi wanaoshika sikukuu hizi?

Wapo. Nairobi kuna jumuiya tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na sinagogi yake iko University Way.

Uganda kuna Abayudaya, karibu na Mbale. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa kiongozi wa kivita wa Kiganda aliyesoma Biblia na kushikilia kwamba amri za Musa zifuatwe zote. Mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe. Idi Amin alipiga marufuku dini yao, masinagogi yakafungwa, wengi wakahamia dini nyingine, na waliobaki walisali kwa kujificha.

Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo Pasaka ilikuwa inaanza. Kwa hiyo Abayudaya wanaposimulia kutoka utumwani, wana Misri ya zamani na wana ile ambayo wazee wao waliitoka kwa miguu yao. Msomaji wa Tanzania ambaye baba au babu yake alikuwa kwenye vita hivyo anayo nafasi yake katika masimulizi hayo. Mmoja wa Abayudaya, Gershom Sizomu, alipata daraja la urabi Marekani mwaka 2008 na kurudi kuongoza jumuiya.

Na wa Ethiopia?

Wao ni Beta Israel, na sikukuu yao ya pekee ni Sigd, siku 50 baada ya Siku ya Upatanisho. Hufunga, hupanda mlimani, makasisi wao husoma Torati, kisha hushuka kula pamoja. Jina linatokana na kusujudu kwa Kigeezi, na ni mzizi ule ule wa neno letu kusujudu lililotoka Kiarabuni. Mwaka 2008 Israeli iliifanya sikukuu ya taifa.

Sikukuu nyingine kubwa ni zipi?

Kwa ufupi. Mwaka mpya, Rosh Hashana, huja Septemba au Oktoba: hupigwa baragumu la pembe ya kondoo dume, na hula tufaha lililochovywa kwenye asali. Siku 10 za toba huishia Siku ya Upatanisho, ambapo hufunga kama saa 25 bila chakula wala maji. Kosa ulilomtendea mtu halisamehewi siku hiyo mpaka uwe umemwendea mwenyewe. Sikukuu ya Vibanda hufuata: hula, na wengine hulala, kwenye kibanda chenye paa la matawi linaloachia nyota zionekane. Hanuka ni usiku 8 za kuwasha taa, kukumbuka kutakaswa kwa Hekalu mwaka 164 KK. Wasomaji Wakatoliki wanaipata katika vitabu vya Wamakabayo. Purimu ni furaha ya Esta: jina la adui yao Hamani likisomwa watoto hupiga makelele lisisikike, na majirani hupelekeana vyakula. Sikukuu ya Majuma, siku 50 baada ya Pasaka, ni ya kupewa Torati, na wengi hukesha wakisoma. Na kila juma kuna Sabato, ambayo kwa hadhi inazishinda karibu zote.

Ni kweli funga ya Ashura ina uhusiano na Wayahudi?

Kwa mujibu wa hadithi zilizopokewa, ndiyo. Mtume Muhammad alipofika Madina aliwakuta Wayahudi wakifunga siku ambayo Musa aliokolewa kutoka kwa Firauni, akasema Waislamu wana haki zaidi kwa Musa, akafunga na kuamuru wafunge.

Nimealikwa seda. Niende vipi?

Usibebe chakula ulichopika, hata kwa nia njema. Sufuria yako imeshapika chapati. Maua au matunda mazima yatapokelewa. Kula kidogo kabla ya kutoka, kwa sababu masimulizi huja kwanza. Salamu ni "Hag sameah", sikukuu njema. Usipige picha wala kutoa simu mpaka uone desturi ya nyumba, kwani wanaoshika sheria kwa ukamilifu hawatumii umeme wala simu sikukuu ikiingia. Ukipewa Hagada usome kipande, soma. Na ukiwa na swali uliza, usisubiri mwisho.

Kama nyumba haina mtoto, nani anauliza?

Talmudi imelijibu hili. Asipokuwepo mtoto wa kuuliza, mke anamuuliza mume. Wakiwa ni wanazuoni wawili wanaojua sheria zote za Pasaka, wanaulizana. Na aliye peke yake anajiuliza mwenyewe.

Pasaka ya mwaka 2020 iliingia tarehe 8 Aprili. Nairobi tulikuwa na kafyu ya saa moja jioni kwa sababu ya korona, na hakuna mgeni wala mjukuu aliyeweza kufika kwa Bibi. Simu hapokei sikukuu ikishaingia, kwa hiyo habari nilizipata juma lilipokwisha. Alikuwa amechemsha kiazi kimoja. Aliweka sahani, akaweka kikombe cha Eliya, akasimama pale anaposimama mjukuu wake mdogo, akayaimba maswali yote 4 kwa sauti. Kisha akahamia kiti chake, akafungua Hagada ya baba yake, akaanza kujibu.